Blanketi Langu Kwenye Pikapu ya Shangazi Lupe

Jumatatu, 5 Agosti

Pikapu imenizimikia tena mbele ya nyumba ya kina Sinai. Mara ya nne tangu Ijumaa. Taa zote za dashibodi zililala, injini ikanyamaza kama mtoto aliyeulizwa nani kamaliza maziwa. Nikashuka. Nikafungua boneti. Nikatazama ndani kwa sura ya daktari. Sinai alikuwa barazani anagonga magome ya kutengenezea vitambaa pamoja na mama yake, akaacha rungu hewani, akaniuliza kama kuna kitu nakiona. Nikamwambia nakiona. Sikumwambia ni nini, kwa kuwa sikukijua.

Nikalipiga teke gurudumu la mbele, nikapanda, nikazungusha ufunguo. Ikawaka. Wako waliozaliwa na mkono wa dawa. Mimi nimezaliwa na mguu wa umeme.

Bahati mbaya Lafaele alipita wakati huohuo na mkokoteni wake wa viazi vikuu. Lafaele ni mtoto wa baba mkubwa. Kanizidi miaka mitatu na adabu, ndivyo wanavyosema nyumbani. Akasimamisha farasi, akaniuliza kwa upole kama nataka kamba. Akasema Kapteni wake hana fyuzi. Nikamwambia Kapteni wake hana hata haya, maana alikuwa anajisaidia barabarani tunapoongea.

Alasiri Shangazi Lupe akatuita wote wawili. Pikapu ni ya kwake. Ililetwa kwa meli kutoka Auckland ikiwa imejazwa madumu na magodoro, na umri wake unanizidi miaka miwili. Tangu Februari dereva ni mimi. Sasa Shangazi anasema hivi: Ijumaa binti yake mkubwa, Taina, anaolewa. Jumapili ndiyo Jumapili yao ya kwanza, bibi na bwana harusi wanakwenda kanisani na mikeka yao yote ya heshima imefungwa kiunoni, na nusu ya kisiwa chetu cha Vava'u itakuwa inawatazama. Watapanda nyuma ya pikapu. Ikifika salama, ufunguo utabaki kwangu. Ikizimika hata mara moja, ufunguo ni wa Lafaele, na mimi nachukua Kapteni, mkokoteni na jembe.

Shangazi akisema, limesemwa. Baba yangu mwenyewe, ambaye ni kaka yake, hunywa chai kwake akiwa amesimama mpaka aambiwe kaa.

Nikajibu kwamba hakuna shida. Lafaele alinitazama tu kama mtu anayepima shati la mwenzake.

Kinachoniudhi ni kimoja. Pikapu haijawahi kuzimika Shangazi akiwa ndani. Hata mara moja. Akipanda yeye, inatembea kama imetoka dukani. Ndiyo maana anasema pikapu ina adabu, asiye na adabu ni dereva.


Jumanne, 6 Agosti

Lesieli kafika na meli ya asubuhi. Ni binti wa pili wa Shangazi. Amesomea umeme wa magari mjini Nuku'alofa, miaka miwili, ana cheti na sanduku la vyuma linalofungwa kwa kufuli. Mimi niliacha shule kidato cha tatu, lakini kwa hiari yangu.

Sasa hapa kuna ugumu. Binti wa shangazi ni dada. Na kwa Shangazi Lupe, kaka na dada wana mipaka yao: hawataniani, hawalali nyumba moja, hawakai chumba kimoja wakafunga mlango. Gari nalo ni chumba. Nikiwa nyuma ya usukani, Lesieli haingii. Kitanda changu hata kwa mguu hawezi kukigusa. Na kwa kuwa Lesieli ni mtu wa kufuata mambo kwa rula, hata kusema nami anasema kupitia kwa baba yake, Baba Mosese, aliyewekewa kigoda katikati yetu.

Basi Lesieli akamwambia Baba Mosese amwambie kaka yake aeleze ugonjwa. Nikamwambia Baba Mosese amwambie dada kwamba ugonjwa ni wa uzee, na kwamba dawa ni teke. Baba Mosese akafikisha habari. Lesieli akasema ugonjwa unaokuja na kuondoka haukamatwi kwa mguu, unakamatwa kwa kalamu. Kila ikizimika niandike: siku, saa, mahali, nani amekaa wapi, nini kilikuwa kimewashwa, mkono wangu ulikuwa unafanya nini.

Mkono wangu. Swali gani hilo?

Kuna jambo moja dogo lisilomhusu mtu. Mwezi wa Juni nilipachika spika chini ya kiti, upande wa abiria. Spika, amplifaya, na kile kidude cha kuchomeka flashi ya nyimbo. Kazi safi, usiku mmoja, bila mwalimu. Waya unaotoka kwenye ufunguo niliukata, nikaupitisha kwanza chini ya kiti ili spika inywe, ndipo uendelee na safari zake za injini. Viungio kumi na vitatu, vyote kwa tepu nyeusi. Kitufe cha sauti kiko hukohuko chini, kwa hiyo nikikaribia kwa kina Sinai huinama kidogo, naingiza mkono, napandisha sauti.

Shangazi hajui. Akipanda yeye nateremsha sauti mpaka mwisho kabla hajafika. Amekataza muziki wa dunia kwenye chombo kinachobeba watu wa kanisa.

Dada nitamwandikia. Lakini nitaandika kwenye karatasi yake ninayoyataka, na humu ninayoyajua.


Jumatano, 7 Agosti

Lesieli kaanza kazi saa mbili. Kafungua vichwa vya betri. Vilikuwa na ukungu wa kijani. Kavimwagia maji ya moto, kavisugua mpaka vikang'aa. Katoa fyuzi moja moja, kazitazama juani kama mayai. Kisha kawasha injini, akashika waya mmoja baada ya mwingine na kuutikisa. Saa nzima anatikisa. Pikapu ikanguruma tu. Hata ugonjwa huona aibu mbele ya daktari.

Nikamwambia Baba Mosese amwambie dada kwamba jana ilipona yenyewe. Kwa bahati mbaya Lesieli hakuridhika. Alifunga kitaa kidogo kwenye waya unaokwenda kwenye valvu ya pampu, ile inayoruhusu dizeli ipite, akakitoa nje ya boneti na kukifungia kwenye fagio la kioo, mbele ya macho yangu. Akaagiza niendeshe. Ikizimika nitazame kitaa kabla sijatazama kitu kingine chochote.

Nikaendesha. Kijiji kizima, hakuna kitu. Kwa kina Sinai nikainama kidogo, mkono chini ya kiti. Kimya. Nikatazama kitaa. Kimezimika.

Nilirudi nikasema ukweli wa kitaa, kwa sababu sikuona ubaya wake. Ndipo ubaya ukajitokeza. Lesieli kamwambia baba yake: kitaa kikiwa kimezimika, basi pampu ni nzima, betri ni nzima, umeme ndio haufiki. Unapotelea njiani, kati ya ufunguo na injini. Ugonjwa uko ndani ya kibanda. Kesho atanyanyua kiti.

Nilikwenda chumbani kwangu nikachukua blanketi na mto. Nikavitandika kwenye kiti cha pikapu, vizuri, pembe nne. Nikatangaza mbele ya Shangazi kwamba kuanzia leo nalala humu, kulinda chombo cha harusi. Shangazi akaguswa. Alinipa kipande cha keki.

Lesieli alitazama blanketi. Kisha akatazama kiti. Kisha akafunga sanduku lake. Kitanda cha kaka ni kitanda cha kaka.

Shule wanafundisha umeme. Akili hawafundishi.

(Karatasi ya dada: Jumatano, saa nne, mbele ya kina Sinai, nimekaa peke yangu, upepo wa kusini, mikono miwili kwenye usukani.)


Alhamisi, 8 Agosti

Nimeamka shingo imepinda. Kiti ni kifupi, mimi ni mrefu.

Lesieli kasoma karatasi yangu. Imezimika mara saba tangu Ijumaa, na zote saba zimeandikwa mbele ya kina Sinai. Hilo sikulificha kwa sababu sikujua kama mahali napo panasema. Akauliza kupitia kwa Baba Mosese pale kuna nini: shimo? kona? mlima? Baba Mosese alinitazama kwa huruma, na naamini alijua pale kuna nini, lakini ni mtu mpole.

Nikawahi. Nikasema pale kuna kaburi la babu yake Sinai, marehemu Fotu, na kila mtu anajua mzee yule alichukia injini tangu lori la mbata lilipomkanyagia nguruwe. Nikasema labda anaishika pikapu.

Lesieli akaendelea kusoma karatasi. Lakini Shangazi alikuwa na sura ya mtu anayekumbuka nguruwe yule. Akaamuru ipelekwe kwa kina Sinai mizizi ya kava, ile inayotwangwa ikanywewa kwa heshima, mtu akae, aombe radhi kwa niaba ya pikapu.

Nilivyofurahi! Kikao cha kava, mchanganyaji ni Sinai mwenyewe, mimi nimekaa mkabala naye masaa matatu napokea kikombe kutoka mkononi mwake. Hesabu ilikuwa tamu. Nilishavaa mkeka kiunoni na mafuta kichwani Shangazi alipoongeza kwamba radhi huombwa na aliye mkubwa. Atakwenda Lafaele. Mimi nibaki na pikapu, si nimesema nailinda?

Lafaele karudi saa tano usiku, macho mazito, anatabasamu peke yake. Nikamuuliza kama babu kasamehe. Akasema yeye hakumuuliza babu, lakini walioko hai ni wakarimu.


Ijumaa, 9 Agosti

Harusi. Bibi harusi kabebwa na gari la kuazima la mwenye duka, kwa sababu pikapu bado haiaminiki. Nililipita gari hilo likiwa limeegeshwa, likameta. Nikalitazama kwa dharau mpaka likaona.

Mwenye duka haazimishi gari lake Jumapili. Kwa hiyo Jumapili ni sisi au miguu, na Taina akiwa ndani ya mikeka ile hana miguu.

Nimekula nguruwe. Nimekula na magimbi. Sinai kacheza ngoma ya mikono mbele ya wageni, kapakwa mafuta mpaka mabegani. Lafaele kambandika noti begani kwa kituo kama anabandika stempu. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria.


Jumamosi, 10 Agosti

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kushika chombo chochote cha kazi. Kesho hapa mtu hata msumari hagongi. Ukisikika unatengeneza gari Jumapili, utaitwa kwa jina lako kwenye mimbari kabla ya mahubiri.

Asubuhi Lesieli alisimama mbele ya mlango wa pikapu muda mrefu, anatazama blanketi langu. Kisha akamtuma Baba Mosese na swali moja. Aliniuliza polepole, neno kwa neno, kama alivyoagizwa: je, ndani ya kibanda kuna kitu chochote kilichoongezwa? Redio, taa, waya wowote? Dada anasema akijua, kazi ni ya nusu saa.

Nikamjibu Baba Mosese machoni kabisa kwamba hakuna.

Lesieli akasema sawa. Kama kibandani haingii, atapita nje. Akavuta waya mpya, mwekundu, kutoka kwenye betri mpaka kwenye valvu ya pampu, na swichi ndogo chini ya boneti. Umeme hautahitaji tena kupita ndani. Akaeleza kupitia kwa baba yake kwamba hii ni bandeji, siyo dawa. Waya wa zamani bado umeungwa palepale, Jumatatu atautafuta. Alieleza na namna ya kuzima. Hapo nilikuwa natazama barabarani kwa sababu kwaya ilikuwa inapita kwenda mazoezini.

Tukajaribu. Nimezunguka kijiji mara sita. Mbele ya kina Sinai mara tisa. Nimeingiza mkono chini ya kiti, nimevuta, nimesukuma. Injini haikutikisika! Spika yenyewe ilikata pale nilipoisukuma, haikurudi, lakini hilo nitalishughulikia.

Nimeshinda. Ufunguo ni wangu.

Na kwa kuwa nimeshinda, nimepata wazo. Kwa nini bibi harusi afike kimya? Kwenye flashi yangu nimeweka tenzi mbili za kwaya, za taratibu, zenye besi. Nimepima: kutoka mlango wa Shangazi hadi lango la kanisa ni tenzi mbili kamili. Nimetangulia kuzipanga mwanzo, kabla ya nyimbo zangu. Nikifika nazima ufunguo, kimya, mchungaji analia. Nimebana waya wa spika kwa meno, nimeongeza tepu. Kiungio cha kumi na nne.

Hata Shangazi atasema kumbe muziki wa gari una faida.


Jumapili, 11 Agosti

Kuandika si kazi. Ingekuwa kazi nisingeandika.

Saa tatu na nusu. Taina kavishwa mikeka mpaka hawezi kukunja goti; wamempandisha nyuma ya pikapu kama kabati. Bwana harusi vivyo hivyo. Nyuma yao nusu ya kwaya, Sinai katikati na gauni jeupe. Lesieli kashika chuma cha pembeni. Lafaele alikuwa ameshatangulia kanisani kwa miguu, bila shaka ili anione nikizimikiwa.

Shangazi Lupe alikaa mbele, pembeni yangu, kiunoni mkeka wa bibi yake wenye matundu ya heshima. Alikaa juu ya blanketi langu. Springi zikasema kitu. Nikazungusha ufunguo.

Injini. Na chini ya Shangazi, utenzi.

Aliganda. Akauliza unatoka wapi. Nikamwambia ni zawadi yangu kwa Taina. Shangazi alifuta jicho, naapa. Kule nyuma kwaya ikaudaka wimbo, sauti nne. Wazee njiani wakavua kofia. Mbele ya kina Sinai haikuzimika. Nilitamani barabara iwe ndefu hadi mji wa pili.

Utenzi wa pili ulimalizika tunapogusa lango. Sekunde ileile. Mchungaji yuko kwenye ngazi, mikono imefumbatwa, waumini nyuma yake. Nikazungusha ufunguo kuzima.

Hakuna kilichozimika.

Nikarudia. Nikautoa ufunguo kabisa, nikaushika mkononi, injini inaendelea kama mtu asiyemjua ufunguo. Na chini ya Shangazi ukaanza wimbo wa tatu.

Wimbo ule naujua. Unahusu kiuno na kreti la bia. Lakini mwanzo wake ni tarumbeta tupu, kwa hiyo kwa sekunde kama tisa hivi watu walidhani bado tuko kwenye ibada. Mchungaji alikuwa hata anatikisa kichwa.

Kisha kiuno kikaingia.

Nikatia gia ya nne, nikaachia klachi. Pikapu ikaruka mara moja, injini ikafa. Kosa. Sasa hapakuwa na mngurumo wa kuuficha wimbo. Kiuno kikasikika vizuri zaidi, mpaka makaburini.

Ule mruko ulimwinua Shangazi, akashika dashibodi. Kimya. Akakaa. Kiuno. Akainuka kunitazama. Kimya. Akakaa. Kreti la bia. Nikaingiza mkono chini ya kiti nitafute kitufe, akanichapa kofi la mkono, na alikuwa na haki, mpwa hapeleki mkono huko. Mlango hakuweza kuufungua mwenyewe, mikeka ilikuwa imembana kati ya kiti na dashibodi.

Lesieli akashuka nyuma. Akaja mpaka kwenye dirisha la mama yake. Hakuwa na mita, hakuwa na bisibisi. Mikono kaifunga mgongoni, Jumapili kamili. Alitazama, akasikiliza mara mbili tatu, kama mtu anayehesabu.

"Mama," akasema, "inuka kidogo."

Kimya.

"Kaa."

Kiuno.

"Inuka."

Kimya.

"Basi usikae tena."

Kisha akanitazama mimi, juu ya bega la mama yake. Wiki nzima hajanisemesha ila kwa kinywa cha Baba Mosese.

"Kaka," akasema, "umelalia ugonjwa siku nne."

Alimwambia mama yake, mbele ya watu wote, habari ilivyo. Chini ya kiti kuna kiungio kilicholegea. Akikaa mtu mzito kinabana, umeme unapita. Ndiyo maana pikapu haikuzimika hata siku moja yeye akiwa ndani. Kaka akiingiza mkono kinaachia, injini inakufa. Ndiyo maana kwa kina Sinai. Leo injini inalishwa na ule waya mwekundu, na kwa kuwa kiungio kimebanwa, umeme umepita njia ya zamani kinyumenyume mpaka kwenye hicho kinachoimba. Hata ufunguo haukuwa na amri tena. Jana alipojaribu hapakuwa na mtu upande huo wa kiti.

Shangazi alisikiliza yote hayo akiwa nusu wima. Alibaki nusu wima mpaka mke wa mchungaji na mashemasi wawili walipokuja kumtoa. Mmoja wa mashemasi akauliza kwa sauti ya chini kama alichofanya Lesieli si kutengeneza gari Jumapili. Mchungaji alifikiri. Akasema kuinuka na kukaa ndiyo ibada yenyewe, tuingie.

Kule nyuma Sinai alikuwa ameficha uso kwa kitabu cha nyimbo. Mabega yanatikisika. Alikuwa analia kwa furaha.


Jumatatu, 12 Agosti

Shangazi kaliondoa blanketi mwenyewe. Kwa vidole viwili. Yeye ni dada wa baba yangu, hakuna kitanda cha ukoo huu asichoweza kukifunua. Hilo sikulipigia hesabu.

Baba Mosese akawa mikono, Lesieli kasimama nje anaelekeza. Wakatoa spika. Wakatoa amplifaya. Wakahesabu viungio. Baba Mosese aliponyanyua kile cha kumi na nne, chenye alama za meno, Lesieli aligeuka akatazama bahari kwa muda.

Waya ukarudishwa kwenye njia yake. Kiungio kimoja, kikachomewa kwa risasi ya kulehemu, kikavishwa soksi ya plastiki. Waya mwekundu ukatolewa. Ufunguo ukawasha, ufunguo ukazima. Dakika ishirini na tano. Mimi nilishikishwa taa, mchana.

Kisha Shangazi akanyoosha mkono. Ufunguo nilikuwa nimeshaurudisha mfukoni mwangu baada ya jaribio. Ulikuwa wa moto. Alimpa Lafaele. Lafaele aliupokea kwa mikono miwili, akaniambia kwa upole uleule kwamba Kapteni anapenda kusuguliwa sikio la kushoto.

Baba Mosese akanisogelea. Dada yako anasema, ungesema Jumanne, ufunguo ungekuwa wako leo. Nikamwambia amjibu kwamba ningesema Jumanne, Taina asingefika kanisani na tenzi mbili. Baba Mosese alinitazama sana. Jibu hilo hakulipeleka.

Jioni nimelia kidogo, kwa sababu ya vumbi.


Jumanne, 13 Agosti

Siku ya kwanza na Kapteni. Nimetumwa kupeleka jembe na mbegu shambani. Ananuka, ni mzito, haelewi kona.

Lakini sikiliza. Tunapita kwa kina Sinai, tunatembea vizuri, mara Kapteni akasimama. Kimya. Hakuna kelele, hakuna sababu. Masikio yamelala. Nimemvuta, hataki. Nimemsugua sikio la kushoto, hataki. Nikalipiga teke gurudumu la mkokoteni. Akaondoka.

Mahali palepale! Na Kapteni hana waya hata mmoja.

Sinai alikuwa barazani. Akasema farasi huyo husimama hapo kila siku tangu mwaka jana, amezoea, Lafaele hupenda kunywa maji kwao. Watoto wa kike hawaelewi mambo ya kiufundi. Dalili ni zilezile, mahali ni palepale, na dawa ni ileile. Nilisema tangu Alhamisi kwamba ni babu Fotu, wakamwamini mwenye cheti.

Nilipokuwa naondoka, Sinai aliimba kile kipande cha kiuno kwa sauti ndogo. Anajua maneno yote. Mtu hajui maneno yote ya wimbo kama hakuusikiliza kwa moyo.

Kwa hiyo nimefikiri. Spika Shangazi aliitupa bandani, haikuharibika. Nyuma ya banda kuna betri ya zamani ya mashua, bado inatoa cheche ukiilamba. Tepu imebaki nusu. Mkokoteni una kiti cha ubao, na chini yake kuna nafasi nzuri, kavu. Nimemaliza saa kumi. Viungio sita tu, maana mtu hujifunza.

Na juu ya kiti nimetandika blanketi langu, pembe nne. Nani atalifunua?